Maswali ya Wasomaji: Kulala Katikati ya Mtaa

Majumba ya mawe ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo yanaendelea kufufuliwa, na baadhi yake sasa ni hoteli ndogo za vyumba vichache, zenye vitanda vya kuchongwa, taa za shaba na bustani ndani ya ua. Wasomaji wetu wameziona picha zake katika simu zao na wanauliza maswali ya haki: je, zinastahili bei yake, je, usingizi unapatikana, na je, majirani wanasemaje? Tumezikusanya barua hizo pamoja na moja iliyotoka Tanga, kwa sababu zote zinagusa jambo moja, nalo ni kwamba hoteli ya namna hii haiwezi kutenganishwa na mtaa unaoizunguka.

SWALI: Mimi na mume wangu tunaishi Tabata, Dar es Salaam, na mwezi ujao tunatimiza miaka kumi ya ndoa. Nimeona picha za hoteli ya vyumba vinane ndani ya nyumba ya kale huko Bagamoyo, yenye mlango wa nakshi, vitanda vya samadari na ua wenye mti mkubwa. Bei yake kwa usiku mmoja inazidi ile ya hoteli kubwa ya ufukweni yenye bwawa la kuogelea. Shoga yangu ananiambia kwamba nitalipa fedha nyingi ili nikasikilize kelele za mtaani. Je, kuna cha zaidi ninachokipata, au ni uzuri wa picha tu? (Mama Wawili, Tabata)

JIBU: Dada yangu, hongera kwa kutimiza miaka kumi, na Mwenyezi Mungu awazidishie mingine. Shoga yako hakukudanganya kuhusu kelele, lakini amekosea anapodhani kwamba kelele hizo ni hasara tupu. Hoteli kubwa ya ufukweni hujengwa kwa makusudi ili mgeni asiwe na haja ya kutoka: ukuta unaizunguka, chakula kiko ndani, bwawa liko ndani, na hata ngoma huletwa jioni ikachezwa mbele ya meza za wageni. Hoteli ndogo ya mtaani haina nafasi ya vitu hivyo vyote, na kwa sababu hiyo humkabidhi mgeni mtaa wenyewe. Ikiwa wewe na mwenzio mnapenda kutembea kwa miguu, kusalimiana na watu na kula pale mnapokuta chakula kizuri, fedha yenu haitapotea. Ikiwa mnachokitaka ni kupumzika mchana kutwa kando ya maji bila kusemeshwa na mtu, nendeni ufukweni, na hakuna ubaya wowote katika hilo.

Mtindo huu wa malazi si wa zamani sana katika miji mikubwa ya dunia. Hoteli ya Blakes ilifunguliwa London mwaka 1978, na ile ya Morgans ikafunguliwa New York mwaka 1984 ndani ya jengo lililokuwapo tangu zamani katika barabara ya Madison. Kilichozitofautisha na hoteli za makampuni makubwa ni kwamba zilipambwa kwa fikra ya msanii, si kwa mwongozo mmoja unaofuatwa sawasawa katika kila nchi. Kwetu pwani kazi ilikuwa nyepesi zaidi, kwa kuwa nyumba zenyewe zilikwisha kujengwa na mafundi walioijua vyema hali ya joto, ya chumvi na ya mvua za hapa. Mwenye hoteli mwenye busara huiacha nyumba ionekane, naye huongeza tu kile ambacho nyumba haikuwa nacho, yaani mabomba mazuri, umeme salama na godoro imara. Wapo pia wale wanaopaka rangi, wakatundika kikapu ukutani na kupandisha bei. Hao ndio wa kuwaepuka, na njia ya kuwatambua ni kuielewa nyumba.

Kuta za majumba hayo ni za mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, na unene wake hufika nusu mita au zaidi, hivyo joto la mchana huchelewa kuingia ndani. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hizo kwa kawaida hazivuki sana mita tatu, vyumba vilijengwa vyembamba na virefu. Basi mkifika mkakuta chumba chenu ni chembamba kuliko kilivyoonekana pichani, msidhani mmepunjwa, kwani huo ndio upana ambao mti uliruhusu. Cha kukagua ni kingine. Inameni mtazame sehemu ya chini ya ukuta, karibu na kichwa cha kitanda: rangi ikiwa imevimba na kubanduka, na unga mweupe wa chumvi umetuama sakafuni, fahamuni kwamba ukuta umezibwa kwa saruji, unyevu hauna pa kutokea, na godoro pamoja na mashuka yatanuka uvundo hata yakifuliwa kila siku. Ukuta uliopakwa chokaa kwa utaratibu wa kale huwa na weupe usio na mng'ao, na ukiugusa kwa kiganja ni mkavu na wa baridi. Ukikuta chumba chenye ukuta wa namna hiyo, ujue mwenye nyumba amemlipa fundi anayeijua kazi yake, na sehemu ya bei unayolipa imekwenda huko.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako kuhusu bei. Nyumba ya vyumba vinane huhitaji mlinzi wa usiku, mpishi, mtu wa mapokezi, jenereta na tangi la maji kama vile nyumba ya vyumba sitini inavyohitaji, ila gharama hizo hugawanywa kwa wageni wachache. Kwa hiyo bei ya juu peke yake haithibitishi kwamba unaibiwa. Lakini bei hiyo inakupa haki ya kudai mambo ya msingi bila kusitasita: maji yenye nguvu bombani, chandarua kizima kisicho na tundu, pangaboi lisilopiga kelele, na mtu wa kukufungulia mlango hata ukirudi usiku wa manane. Nyumba nyingi za kale zina madirisha ya mbao yasiyo na vioo, ambayo hupitisha upepo vizuri na mbu vilevile, na kwa hiyo chandarua hapo ni kitu cha lazima, wala si pambo la kimahaba kama picha zinavyotaka tuamini.

Sasa tuje kwenye kelele, kwa sababu ndilo jambo linaloharibu safari za wengi. Mji Mkongwe wa Bagamoyo ni mtaa wa watu wanaoishi na kufanya kazi. Adhana ya alfajiri husomwa kwa vipaza sauti kabla hakujapambazuka. Wavuvi na wachuuzi huanza shughuli zao mapema karibu na soko la samaki. Bodaboda hupita katika vichochoro ambavyo havikukusudiwa vyombo vya moto. Vijana wa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ambayo wengi wetu tunaiita TaSUBa, hufanya mazoezi ya ngoma, na upepo ukielekea mjini sauti husikika mbali. Msiende mkidhani kwamba meneja anaweza kuyanyamazisha hayo, wala msimwombe afanye hivyo. Mnachoweza kuomba ni chumba. Chumba kinachotazama mtaani kina dirisha zuri na baraza la juu la kukaa jioni, lakini kila kinachosemwa chini hupanda juu. Chumba kinachotazama ua ni kimya zaidi, na ukuta mnene hukinga sauti nyingi. Mimi ningechukua cha uani, ghorofa ya juu ambako upepo hufika, kisha jioni nikakae kibarazani pamoja na watu wengine. Ikiwa tarehe zenu zinaangukia tamasha la kila mwaka la TaSUBa au siku za maulidi, wekeni nafasi mapema, maana vyumba hujaa, na mkubali kwamba usiku utakuwa mrefu na wa shangwe.

Na cha zaidi mtakachokipata ni asubuhi. Amkeni mapema, kabla chai ya hoteli haijaandaliwa, mshuke kuelekea ufukweni. Njiani mtamkuta mama aliyekaa kwenye kigoda mbele ya jiko la mkaa na chuma cha vitumbua chenye vishimo. Humimina unga wa mchele kwa upawa, akadondosha mafuta pembeni kwa kijiko, akasubiri kingo zigeuke rangi, kisha akakigeuza kila kitumbua kwa kijiti kimoja bila kukitoboa. Nunueni vya moto, mle mkitembea. Huko chini mashua na ngalawa zinapoingia, samaki hushushwa mchangani na mnada huanza: mnadi hutaja bei kwa haraka, wanunuzi hujibu kwa kuinua kidole au kutikisa kichwa, na kabla hamjaelewa vizuri kilichotokea fungu la changu limekwisha kupata mwenyewe. Kisha rudini kwa kupitia barabara ya India, yenye milango ya nakshi na majumba ambayo mengine yamesimama imara na mengine yamebaki kuta tu. Mji huu ulikuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani hadi mwaka 1891 yalipohamishiwa Dar es Salaam, na kabla ya hapo ulikuwa mwisho wa safari ndefu ya misafara ya pembe za ndovu na ya watu waliotekwa utumwani. Mambo hayo hamtayahisi kwenye bwawa la kuogelea. Siku inayofuata chukueni bajaji mwende kwenye misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868, na kwenye magofu ya Kaole, ambayo asili yake ni karne ya 13.

Kabla hujatuma kianzio, mpigie simu mwenye hoteli, usiridhike na ujumbe peke yake. Muulize chumba hicho hasa kinatazama wapi, jenereta huwashwa saa zote umeme unapokatika au jioni tu, chai ya asubuhi imo katika bei, na kianzio hurudishwa kwa masharti gani mkighairi. Sikiliza namna anavyojibu. Mtu anayekueleza waziwazi kwamba msikiti uko nyumba ya tatu na kwamba ngazi ni za kupanda kwa uangalifu ndiye wa kumwamini. Anayeapa kwamba hakuna kelele kabisa ama haishi hapo, ama hakwambii kweli.

SWALI: Ninataka kumpeleka mama yangu mzazi Bagamoyo kwa mapumziko mafupi. Ana umri wa zaidi ya miaka sabini na magoti yanamsumbua. Amezipenda sana hizo nyumba za kale kwa sababu zinamkumbusha nyumba aliyokulia Pangani. Je, ataziweza? (Kijana wa Kibaha)

JIBU: Ndugu yangu, mpe mama shikamoo zetu. Ghorofani hataweza, na usijaribu. Ngazi za majumba ya kale ni nyembamba, vidato vyake ni virefu na havilingani kimo, na nyingi hazina mahali pa kushika. Karibu kila mlango wa nakshi una kizingiti kirefu cha kuvuka, na bafu nyingi ziliongezwa baadaye, hivyo sakafu yake huwa juu kidogo au chini kidogo ya sakafu ya chumba. Uliza kama kuna chumba cha chini kabisa chenye bafu lake, omba picha ya mlango wa bafu na ya choo, kisha umwombe meneja aweke kiti cha plastiki bafuni na mkeka usioteleza. Hayo si maombi makubwa, na hoteli nzuri itayatimiza bila kukutoza chochote. Ikiwa chumba cha chini hakipo, lala kwingine kwenye sakafu moja, kisha mlete mama kula chakula cha mchana uani kwenye nyumba hiyo ya kale. Furaha aliyokuwa akiitafuta ataipata pale chini ya mti, na magoti yake yatabaki salama.

SWALI: Mimi ni mzee wa hapa Bagamoyo, nimezaliwa katika mtaa huu na baba yangu pia. Nyumba ya jirani imekuwa hoteli. Sina chuki na wageni, na vijana wetu wawili wamepata kazi humo. Lakini wageni hutupiga picha tukiwa tumekaa barazani bila hata kutusalimu, wengine hupita wakiwa nusu uchi saa ambayo watoto wanatoka madrasa, na jioni muziki wa juu ya paa hugongana na sala ya magharibi. Nikilalamika, vijana wananiambia kwamba ninafukuza utalii. Nifanye nini? (Jirani wa Hoteli, Bagamoyo)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Hufukuzi utalii hata kidogo. Mgeni amelipa ili akae katika mtaa wako, na mtaa huo una mwenendo wake ulioufanya upendeze hadi akavutwa kuja. Mwenendo huo ukiharibika, hata mwenye hoteli atakosa cha kuuza. Ninakuomba uishike hoja hiyo unapozungumza na vijana, kwa kuwa inawagusa katika riziki zao.

Anza kwa mwenye hoteli mwenyewe au meneja wake, na usiende peke yako. Nendeni wazee watatu au wanne pamoja na mama mmoja anayeheshimika, mkae, mnywe chai yake, kisha mseme mambo mahususi, moja baada ya jingine. Ukisema kwamba wageni hawana adabu, atakubali kwa mdomo na hakuna kitakachobadilika. Ukisema kwamba muziki wa paani uzimwe kabla ya adhana ya magharibi na usiwashwe hadi watu watakapotoka msikitini baada ya isha, na kwamba spika igeuziwe upande wa bahari, hilo ni jambo linaloweza kutekelezwa kesho. Kuhusu mavazi, mwombeni aweke mlangoni, mahali mgeni anapochukua ufunguo, kapu lenye khanga na vikoi vya kuazima, pamoja na maneno machache ya upole yanayoeleza kwamba ufukweni ni ufukweni na mtaani ni mtaani. Wageni wengi hukosea kwa kutojua, na wanapoelezwa mapema hushukuru. Katika mwezi wa Ramadhani maneno hayo yaongezewe ombi la kutokula wala kuvuta sigara barabarani mchana.

Suala la picha ni zito zaidi, na hapo ninaungana nawe moja kwa moja. Mtu aliyekaa kwenye baraza la nyumba yake yuko nyumbani kwake, ingawa baraza linatazama njia. Mgeni anayetaka picha yake anapaswa kusimama, asalimie, aombe, na akinyimwa aende zake kwa amani. Kwa watoto ombi hilo liende kwa mzazi, wala peremende haiwezi kuwa kibali. Watembezaji wa wageni ndio wenye nafasi kubwa ya kulifundisha hili, kwa kuwa wao hutembea na mgeni hatua kwa hatua, na wengi wao ni watoto wenu. Waiteni. Na ninawaambia wasomaji wetu wa Dar es Salaam na Arusha kwamba jambo hili haliwahusu Wazungu peke yao; mtu kuwa Mtanzania hakumpi ruhusa ya kumgeuza bibi wa watu kuwa mapambo ya ukurasa wake.

Ikiwa mazungumzo hayatazaa matunda, pelekeni shauri kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa maandishi, mkiorodhesha siku na saa za usumbufu, kisha kwa mtendaji wa kata. Barua yenye saini za kaya kadhaa husikilizwa kuliko malalamiko ya mtu mmoja. Lakini ninatumaini hamtafika huko, na ninawashauri mmwombe mwenye hoteli jambo moja la heri pia: anunue samaki, vitumbua na mbogamboga mtaani kwenu badala ya kuagiza kila kitu kutoka Dar es Salaam, na awaalike majirani uani mara moja moja, wakati wa Idi kwa mfano. Ugomvi mwingi hupungua pale watu wanapojuana kwa majina.

SWALI: Nilipiga simu katika hoteli ndogo ya kifahari nikatajiwa bei kwa dola za Marekani, nami ni mfanyakazi ninayelipwa kwa shilingi. Nilipouliza kuhusu risiti nikaambiwa nitaandikiwa kwenye daftari. Je, hii ni sawa? (Mfanyakazi, Morogoro)

JIBU: Si sawa, yote mawili. Kanuni za mwaka 2025 kuhusu matumizi ya fedha za kigeni zinakataza kutangaza au kudai malipo kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma zinazotolewa hapa nchini, kwa hiyo taja shilingi na utake utajiwe shilingi. Uliza pia kama kuna bei ya wakazi, kwa maana hoteli nyingi za kitalii huwa nayo lakini haitajwi mpaka iulizwe. Kuhusu risiti, unayo haki ya kupewa risiti ya mashine ya kielektroniki inayotambuliwa na Mamlaka ya Mapato (TRA), na usikubali kipande cha daftari. Hakikisha vilevile kwamba bei unayotajiwa imejumuisha Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo katika hoteli iliyosajiliwa kwa kodi hiyo inaweza kubadili sana hesabu yako siku ya kuondoka.

SWALI: Sisi ni ndugu watano. Marehemu baba ametuachia nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita hapa Ngamiani, Tanga, yenye kuta za mawe na chokaa, korido katikati na ua mkubwa nyuma. Mlango wa mbele ni wa kuchongwa, nao ulikuwapo tangu enzi za babu. Ninataka tuifanye hoteli ndogo yenye mvuto kama zile za Bagamoyo na Zanzibar. Ndugu zangu wawili wanataka tuibomoe tujenge ghorofa la vyumba ishirini. Unanishauri nini? (Mtoto wa Ngamiani, Tanga)

JIBU: Ndugu yangu, poleni kwa msiba. Ninakushauri uitetee nyumba, lakini uanze na karatasi kabla ya rangi. Kama mahakama haijathibitisha msimamizi wa mirathi, hakuna hata mmoja wenu mwenye uwezo wa kisheria wa kuibomoa wala kuikarabati kwa mkopo, na kila shilingi utakayoitia humo itakuwa chanzo cha ugomvi. Msimamizi akipatikana, andikeni makubaliano ya ndugu wote watano: nani anatia fedha, nani anatia kazi, faida inagawanywaje, na anayetaka kujitoa analipwaje. Baada ya hapo nendeni Halmashauri ya Jiji mkaulize kuhusu kubadili matumizi kutoka makazi kuwa biashara na kuhusu kibali cha ukarabati, kisha mfuatilie usajili wa jina la biashara BRELA, namba ya mlipakodi, leseni ya biashara, na ukaguzi wa afya na wa zimamoto. Mambo haya huchosha, lakini hayaepukiki.

Kwa ndugu zako wawili ninasema hivi: ghorofa la vyumba ishirini litashindana na kila nyumba ya wageni iliyopo Tanga kwa bei, na bei zitashuka daima. Nyumba ya vyumba sita ndani ya Ngamiani haina wa kushindana naye kirahisi. Mgeni akitoka mlangoni yumo katika barabara zenye kuitwa kwa namba, zilizonyooka na kukatana vizuri hata asiyejua mji hapotei, penye baiskeli, mafundi cherehani, wauza kahawa na kashata, mihogo ya kukaanga na sauti ya taarabu kutoka dirisha la jirani. Bandari na majengo ya enzi ya reli ya Usambara, ambayo ujenzi wake ulianzia Tanga mwaka 1893, hayako mbali, na mapango ya Amboni ni safari fupi ya asubuhi. Watu husema Tanga waja leo waondoka leo; mgeni akipata mahali pa kulala panapofanana na mji wenyewe, atabaki siku ya pili na ya tatu.

Katika ukarabati, mtafute fundi aliyewahi kufanya kazi kwa chokaa, hata ikibidi umlete kutoka Pangani, Bagamoyo au Zanzibar. Saruji inavutia kwa kuwa hukauka upesi na kila fundi anaijua, lakini ukiipiga juu ya ukuta wa mawe na chokaa huufungia unyevu ndani, chumvi hupanda pamoja nao, na baada ya masika chache lipu huanza kuanguka vipandevipande na kuvunja mawe yaliyo nyuma yake. Rekebisheni kwanza paa na mifereji ya maji ya mvua, kwa kuwa huko ndiko maradhi ya nyumba za zamani yanakoanzia. Vyumba sita msivigeuze vyote kuwa vya kulala; mkivitoa viwili kwa ajili ya bafu na stoo mtabaki na vinne vizuri, ambavyo mtaweza kuviangalia kwa mikono yenu. Ua uachwe wazi, pandeni mwarobaini au mkungu kama hamna mti, na chakula kipikwe humo na mtu wa Tanga kwa mapishi ya Tanga, mbaazi za nazi na samaki wa kupaka wakiwamo. Majirani waelezwe mpango wenu kabla tofali la kwanza halijashushwa, kwa sababu watakuwa walinzi wenu au wapinzani wenu, na hilo huamuliwa mapema.

La mwisho ni ule mlango. Wanunuzi watakuja, na watataja fedha itakayowafanya ndugu zako wakutazame. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inailinda milango na miimo ya mbao iliyochongwa kabla ya mwaka 1940, kwa hiyo msiung'oe wala kuuza kabla hamjapata ushauri wa maofisa wa Mambo ya Kale, ambao pia wanaweza kuwaelekeza kwa mchongaji wa kurekebisha sehemu zilizoliwa na mchwa. Katika muda wa ukarabati ukingeni kwa mbao na turubai, msiuache wazi kwa vumbi la chokaa na maji ya mvua, na msiupake vanishi nzito yenye kung'aa. Pakeni mafuta ya mbao kwa kitambaa, kidogokidogo, mkianza na upande wa ndani.